Mjomba, wenzangu wana 600, mimi nina 7.9

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 31, naishi Tabata, kazi yangu ni karani kwenye bandari kavu moja hapa Dar, nahesabu makontena yanayoingia na kutoka. Nimeoa, ndoa ina mwaka mmoja na nusu, mtoto bado. Nakuandikia kwa sababu mambo haya siwezi kumwambia baba, na rafiki zangu nilipowauliza ndiyo wakanichanganya zaidi.

Sijisikii kama zamani. Hamu ya tendo imeshuka mno, naweza kumaliza wiki mbili bila kukumbuka. Ile hali ya kawaida ya mwanaume kuamka amesimama asubuhi siioni, au naiona mara moja moja. Nikiwa na mke wangu jambo linaanza vizuri, katikati linalegea. Mwili mzito, nachoka kabla ya kuanza kazi, na hasira zipo karibu. Kitambi ambacho sikuwa nacho siku ya harusi sasa kinanitangulia mlangoni. Mke wangu hasemi kitu, ila mama yake ameanza kumsemea. Kila akipiga simu lazima aulize kama kuna habari njema.

Mwezi uliopita nikaamua kupima. Nilitoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, nikalala kidogo, nikaamka nikala wali maharage, saa tisa alasiri nikaenda maabara ya mtaani nikaomba kipimo cha testosteroni, ile homoni ya kiume. Majibu: 7.9, na pembeni mshale unaoangalia chini. Aliyenipa karatasi akasema, "Kaka, homoni zako ziko chini, tafuta dawa." Basi, hakuna la ziada. Nikaingia mtandaoni nikakuta watu wanasema mimi nina 600, mwingine 750. Mimi 7.9! Siku ile chakula cha jioni hakikupita.

Nikamwonyesha kocha wa jimu yetu. Akacheka, akasema hilo dogo: sindano ya Sustanon, yaani testosteroni ya kuchoma, kila wiki, miezi mitatu tu, "utarudi kuwa kijana wa miaka kumi na nane." Yeye mwenyewe anachoma na mwili wake unaonekana. Nimeshampa elfu hamsini za kuanzia. Jirani yangu naye anasema niachane na sindano, nitumie vumbi la Kongo.

Kuna jambo jingine la aibu kidogo. Tangu sekondari hadi naoa, punyeto nilipiga sana. Mtaani wanasema hiyo ndiyo inayokausha homoni na kulegeza mishipa. Je, ndiyo nimejimaliza?

Mengine kwa kifupi, maana sijui kama yana umuhimu: sigara sivuti, bia nakunywa wikiendi. Wiki mbili nafanya usiku, wiki moja mchana. Mgongo unanisumbua kwa kukaa, kwa hiyo nameza tramadoli za kununua duka la dawa kila ninapoingia kazini, huu karibu mwaka. Mke wangu analalamika nakoroma mpaka anahamia sebuleni, na anasema kuna muda nanyamaza kimya kabisa halafu nashtuka natafuta hewa. Presha na sukari sijawahi kupima.

Nichome au nisichome? Na mke wangu nimwambie? Hajui lolote, karatasi nimeificha kwenye begi la kazini.

Mpwa wako,
Karani wa Tabata

*

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na sindano, maana ndiyo yenye haraka. Usichome. Testosteroni ni dawa halali, na kuna wanaume ambao bila hiyo hawaishi vizuri. Lakini wewe unatafuta mtoto, na sindano ya testosteroni huzima utengenezaji wa mbegu. Kocha hakukuambia hilo na nadhani hata yeye halijui. Mwili wake unaouona ni misuli, mbegu zake hujaziona.

Korodani zina kazi mbili, kutengeneza testosteroni na kutengeneza mbegu, na zote mbili zinafanyika kwa amri kutoka juu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo hutuma wajumbe wawili kwenye damu, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, FSH husimamia mbegu. Unalijua tenki la maji lenye boya: maji yakijaa boya linapanda, koki inafunga. Ubongo nao uko hivyo. Ukijichoma testosteroni ya nje, unaona tenki limejaa, unafunga koki. LH na FSH zinashuka hadi karibu na sifuri, korodani zinakosa amri, zinasinyaa. Wala usidhani hiyo uliyochoma itafanya kazi ya ile iliyozimwa. Ili mbegu zitengenezwe, testosteroni iliyomo ndani ya korodani inatakiwa iwe nyingi mara nyingi zaidi kuliko iliyo kwenye damu, na sindano ya kwenye tako haifikishi kiasi hicho huko.

Hili si la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano hizi kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya njema walichomwa testosteroni miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao hawakuonekana na mbegu hata moja kwenye kipimo. Hao wakaendelea mwaka mzima na wake zao bila kinga nyingine, na mimba iliyoripotiwa ilikuwa moja. Kwa hiyo kocha wako anakuuzia uzazi wa mpango, na mama mkwe anasubiri habari njema.

Ukiacha kuchoma, mbegu hurudi kwa walio wengi, lakini huchukua miezi, na wengine mwaka na zaidi, hasa waliochoma muda mrefu. Kipindi hicho cha kusubiri ni kibaya: ya nje imekwisha, ya ndani haijaamka, hamu inakuwa chini kuliko ulikoanzia. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye sindano, na ile "miezi mitatu tu" inageuka miaka. Sijagusa bado habari ya dawa isiyojulikana imetoka wapi, wala kichupa kimoja kupita kwa watu watatu wenye sindano moja, na homa ya ini na Virusi vya UKIMWI unavijua.

Hamu hii ya kudungwa ujana si ya leo. Mwaka 1889, Brown-Séquard, daktari maarufu mzaliwa wa Mauritius aliyekuwa akifanya kazi Paris, alijidunga majimaji ya korodani za wanyama akiwa na miaka 72, akatangaza kwamba nguvu zimemrudia. Leo inajulikana kwamba majimaji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kumfanya lolote. Testosteroni yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1935. Mzee wa watu aliamini, akajisikia hivyo. Ukimsikia mtu wa jimu anasema "niliisikia siku ileile", mkumbuke huyo.

Sasa hiyo 7.9 iliyokunyima chakula. Wewe na hao wa mtandaoni mmepimwa kwa vipimo viwili tofauti. Maabara yako, kwa mshale ule wa chini, imetumia nanomoli kwa lita, Wamarekani wanaandika kwa nanogramu kwa desilita. Kuhamisha, zidisha kwa 28.8. Yako inakuwa kama 228 kwa hesabu yao. Bado iko chini, sikufichi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliounganisha vipimo vya wanaume wa Marekani na Ulaya, uliweka kiwango cha wanaume wa miaka 19 hadi 39 wasio wanene kuwa kati ya 264 na 916, yaani 9.2 hadi 31.8 kwa hesabu ya karatasi yako. Umekosa kidogo kufika mstarini, hukuanguka shimoni kama ulivyodhani.

Na hata hiyo 7.9 mimi siiamini. Testosteroni kwa kijana iko juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wanaume wa miaka 30 na kitu, ya saa kumi jioni inaweza kuwa chini ya ile ya saa mbili asubuhi kwa asilimia 20 hadi 25. Wewe ulipima alasiri, tumbo limejaa wali maharage (kula nako huishusha), baada ya usiku mzima wa makontena na usingizi wa kuibia. Ungetafuta namna ya kupata jibu la chini kwa makusudi usingepata bora zaidi. Madaktari wa homoni hawamwambii mtu ana upungufu kwa karatasi moja. Wanataka vipimo viwili, siku mbili tofauti, asubuhi mapema, hujala kitu, na uwe na dalili pia. Kwa mtu wa shifti kama wewe, maana yake subiri wiki ya mchana au siku za mapumziko, ulale usiku kama watu wengine siku kadhaa mfululizo, ndipo uende. Na usipime ukiwa na malaria au homa yoyote; mwili unaoumwa huishusha homoni hii kwa muda.

Lakini dalili unazo, na hamu iliyokufa pamoja na kutosimama asubuhi ni dalili ambazo daktari yeyote makini atazizingatia. Kwa hiyo tuseme hata ukipima vizuri, iko chini. Swali linalofuata ni kwa nini, na mpwa wangu, jibu umeniandikia mwenyewe, chini kabisa, pale uliposema "sijui kama yana umuhimu."

Tramadoli kwanza. Hiyo ni dawa ya jamii ya afyuni, ndugu wa mbali wa mofini. Dawa za jamii hiyo zikitumika mfululizo kwa miezi huubana ubongo usitume LH, na testosteroni inashuka. Hamu kufa, uchovu, kukosa nguvu, vyote ni malalamiko ya kawaida ya wanaume wanaozitumia kwa muda mrefu, na mtu anaweza kuzunguka hospitali tatu bila kuulizwa unameza nini kwa ajili ya mgongo. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Aliyekuuzia mwaka mzima dirishani bila cheti amekukosea. Usiiache ghafla leo usiku, maana ukishazoea mwili hudai: jasho, kuharisha, kutetemeka, kukosa usingizi. Nenda kwa daktari, mwambie kweli unameza ngapi kwa siku, akupunguzie taratibu na mgongo wako utazamwe kama mgongo.

La pili ni kukoroma, na hapa mkeo amekufanyia kazi ya daktari. Mtu anayekoroma, akanyamaza, kisha akashtuka kutafuta hewa, njia yake ya hewa inaziba usingizini na pumzi inakatika, tena na tena usiku kucha. Anaamka amechoka ingawa saa zinasema amelala. Tatizo hili linakwenda sambamba na unene, presha ya kupanda, na testosteroni kuwa chini. Tena tramadoli hupunguza msukumo wa kupumua, kwa hiyo mtu wa namna hiyo kuimeza kisha akalala ni hatari ambayo haihusiani na kitanda cha ndoa tena. Kama kuna sehemu moja ya barua hii ya kumsomea daktari neno kwa neno, ni hii.

Na usingizi wenyewe hautoshi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya saa tano tu kwa usiku, wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu, tena vijana wembamba wasio na shida. Wewe huu mwaka wa ngapi?

Kitambi nacho hakijakaa bure. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na unene pia huishusha ile protini inayoibeba testosteroni kwenye damu. Hiyo ya pili ina jambo zuri ndani yake: kwa mwanaume mnene, namba ya jumla inaweza kuonekana chini wakati homoni iliyo huru, inayofanya kazi, iko sawa. Ndiyo maana namba ikikaa mpakani, daktari huomba kipimo cha protini hiyo pia, kinaandikwa SHBG. Kupungua uzito huipandisha testosteroni bila sindano, na kadiri unavyopungua ndivyo inavyopanda. Chipsi mayai na soda saa saba za usiku getini nakujua unakula, hukuniandikia lakini nimewahi kufika bandari kavu.

Sukari na presha upime wiki hii. Watu wanachanganya mambo mawili: homoni za kiume na nguvu za kiume. Testosteroni inahusika zaidi na hamu. Kusimama kunategemea mishipa ya damu na ya fahamu, na raha ya akili. Linaloanza vizuri likalegea katikati kwa kijana wa miaka 31 mwenye kitambi linaweza kuwa mawazo tu, na linaweza pia kuwa dalili ya mwanzo ya kisukari au mishipa kuchoka. Uume una mishipa myembamba, huanza kulalamika kabla ya moyo.

Punyeto, hapana. Homoni haikaushwi na punyeto wala haina akiba inayokwisha. Inatengenezwa kila siku. Mishipa hailegezwi kwa mkono. Aliyezoea sana picha za ngono anaweza kupata taabu kusisimka na mtu halisi, hilo lipo, lakini hilo ni la kichwani na linarekebishika. Wanaosema umejimaliza, wengi wao wana dawa ya kukuuzia ya kurudisha ulichomaliza. Liweke chini hilo.

Kuna machache ya kukuuliza ambayo barua yako haikugusa. Uliugua matubwitubwi ukiwa umeshabalehe, korodani zikavimba? Korodani zako zina ukubwa gani? Ukioga maji ya moto, zipapase: zinatakiwa ziwe mbili, laini kidogo, bila uvimbe mgumu, na juu yake usisikie mishipa iliyojikunja na kuvimba. Kuna wanaume wanaozaliwa na kromosomu ya X ya ziada, takriban mmoja kati ya 500 hadi 1,000, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Hao korodani zao huwa ndogo na ngumu. Maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutoona vizuri vya pembeni, au chuchu kutoa maziwa ni mambo ya ile tezi ya pituitari, inaweza kuwa na uvimbe mdogo, na uvimbe wa aina ya kawaida hapo hutibika kwa vidonge. Ukiwa na lolote kati ya haya, usisubiri wiki ya mchana, nenda.

Tafuta hospitali ya rufaa yenye daktari wa mfumo wa mkojo au daktari wa homoni. Mwombe testosteroni ya asubuhi mara mbili, na ikiwa chini aongeze LH, FSH na prolaktini, ile homoni ya maziwa. LH ndiyo itakayosema tatizo liko wapi: ikiwa juu, amri inatumwa na korodani haziwezi, ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, kwenye ubongo, na huko ndiko tramadoli, unene na kukosa usingizi vinakofanyia kazi yake. Aliyekuuzia kipimo kimoja na kukuambia "tafuta dawa" hakujua upo upande gani. Ni sawa na kuandikiwa dawa ya macho kupitia simu.

Ikithibitika upungufu ni wa kweli na hauondoki baada ya kurekebisha hayo, matibabu yapo, na kwa mwanaume anayetaka mtoto kuna dawa zinazoziamsha korodani badala ya kuzizima. Kuna sindano ya hCG inayoiga kazi ya LH, na kuna vidonge vya klomifeni ambavyo madaktari huvitumia kwa wanaume ingawa viliandikishwa kwa ajili ya wanawake. Testosteroni yenyewe hubaki kwa asiyetafuta mtoto, chini ya daktari anayepima wingi wa damu mara kwa mara, maana dawa hiyo huifanya damu iwe nzito. Kocha hapimi damu.

Kuhusu vumbi la Kongo sina maneno mengi. Poda na vidonge vya "asili" vya kuongeza nguvu vilipopimwa katika nchi mbalimbali, vingi vimekutwa vimechanganywa kwa siri na sildenafili, ile dawa ya hospitali ijulikanayo kama Viagra, kwa kiasi asichokijua muuzaji wala mnunuzi. Ndiyo maana vinaonekana vinafanya kazi. Kwa mtu ambaye hajawahi kupima presha, hiyo ni kamari. Na sildenafili si dawa ya kupandisha homoni.

Mkeo mwambie, leo. Sikuambii hivyo kwa ajili ya mapenzi tu, kuna sababu ya kitabibu. Mwaka umepita bila kinga na bila mimba, kwa hiyo kwa kipimo chochote cha hospitali nyinyi wawili mmefikia hatua ya kuchunguzwa, na wanaochunguzwa ni wawili. Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanaume ana sehemu yake, lakini mara nyingi anayezungushwa kwa madaktari na waganga ni mwanamke peke yake. Yeye sasa hivi anahamia sebuleni, mumewe hamgusi wiki mbili, mama yake anapiga simu; unadhani usiku anawaza nini? Hawazi homoni zako. Anawaza kuna mwanamke mwingine, au yeye ndiye mgumba. Toa karatasi kwenye begi.

Wewe fanya kipimo cha mbegu, ukiwa hujatoa shahawa siku mbili hadi saba kabla yake. Kikija vibaya usipaniki, hurudiwa. Na ukianza kurekebisha usingizi, dawa na uzito, usitegemee majibu ya mbegu baada ya wiki mbili. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo hesabu miezi mitatu ndipo urudie. Pia kaeni na kalenda ya mkeo pamoja na ratiba ya shifti zako mezani. Kama siku zake za hatari zinaangukia wiki zako za usiku mwezi baada ya mwezi, tatizo lingine mmelipata bure. Muombe msimamizi wako akubadilishie wiki, na ukipata cheti cha daktari kuhusu kukatika pumzi, kipeleke ofisini; kinaweza kukusaidia kupunguziwa shifti za usiku.

Hizo elfu hamsini, mwambie kocha umeghairi sindano na azigeuze kuwa ada yako ya jimu ya miezi ijayo. Asipokubali, usigombane naye, nunua viatu ukimbie barabarani. Akikubali, nyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, mwambie akuanzishie taratibu kwa sababu ya mgongo. Kunyanyua vyuma anajua kufundisha.

Niandikie ukipata majibu ya LH.

Mjomba